Breki za nyuma za bagi: spea inayoingia na spea inayosimamisha

Na Mwandishi Wetu, Ukunda

Nati ni ya milimita 36 na imegoma. Fundi ameivisha soketi, amechomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana ili urefuke, kisha amepanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, mkono mmoja ameegemea ukingo wa gari. Bomba linapinda. Nati haitikisiki. Spanaboi wake amesukuma jiwe la tumbawe mbele ya gurudumu, akarudi kusimama pembeni akiwa ameshika nyundo.

Fundi anaruka mara moja tu, kwa tahadhari. Tek! Nati imekubali.

Tuko Ukunda, kwenye gereji iliyo chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka barabara ya Likoni–Lungalunga. Gari lenyewe ni bagi, lile gari la wazi la ufukweni lisilo na milango wala madirisha, lenye mwili wa faibaglasi na magurudumu mapana nyuma. Ni la mjomba wangu. Asubuhi moja ya masika, karibu na Gazi, alikanyaga breki kumkwepa mbuzi na gari likamgeuka. Alipotulia alikuwa anatazama alikotoka. Hakuumia, na mbuzi pia alipona. Mhariri aliposikia kisa hicho alinituma nikafuatilie jambo moja: gari lililoundwa kwa mkono, ambalo halina duka la spea linalolitambua kwa jina, hupata wapi breki zake za nyuma, na nani anahakikisha kwamba zinafanya kazi?

Dramu ya kushoto ilipotoka, ulimwagika mchanga mweupe wa Diani, ukifuatwa na unga mwekundu wa kutu. Ya kulia ilitoka na tope jeusi la mafuta. Fundi alizifungua silinda mbili za magurudumu, akazifuta kwa kitambaa, akazipima kwa venia, kisha akazishika moja kila mkono.

"Hizi si ndugu, Mzee," alimwambia mjomba.

Ya kushoto ilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 17.46. Ya kulia ilikuwa milimita 19.05. Mtu fulani, katika gereji fulani ambayo mjomba hataki kuitaja na mimi siitaji, alipoikosa silinda ya kulia alitafuta inayofanana, akapanua tundu la bamba kwa tupa, akaifunga. Iliingia vizuri kabisa.

Volkswagen iliyovuliwa nguo

Ili kujua breki hizi zilitoka wapi, inabidi kujua bagi yenyewe ni nini. Mwaka 1964, huko California, Bruce Meyers aliunda gari dogo la mchangani kwa faibaglasi na kuliita Meyers Manx. Muda si mrefu akawa anauza mwili huo kama seti: mteja atafute Volkswagen Beetle iliyochoka, avue bodi yake, akate chasi ifupike kwa takriban sentimita 36, aunganishe upya, kisha avishe mwili mpya. Injini, giaboksi, usukani na breki vinabaki vya Volkswagen. Umbo hilo lilinakiliwa na watu wengi duniani, na lilikuwa kama limechorwa kwa ajili ya pwani kama ya Diani.

Afrika Mashariki haikuwa na uhaba wa Volkswagen za kuvuliwa. Gari hilo liliheshimika hapa kwa matendo yake. Coronation Safari ya kwanza ilikimbiwa mwaka 1953, na Volkswagen ikang'ara mwaka huohuo. Ilishinda tena 1954, 1957 na 1962, katika mashindano ambayo tope lake lilimeza magari ya bei kubwa zaidi. Walimu, wauguzi, mapadri na maofisa wa wilaya waliendesha magari ya Volkswagen. Yalipozeeka, mengine yaliishia kuwa mabanda ya kuku, na machache yakageuzwa bagi.

Nchi hii imewahi pia kujaribu kuunda gari lake yenyewe. Mwaka 1986 Rais Moi alikipa Chuo Kikuu cha Nairobi jukumu la kubuni gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa Kasarani. Yaliundwa magari matano ya majaribio na biashara haikuanza. Nayataja kwa sababu watu wakizungumzia kuunda gari hutaja injini na bodi. Anayelitunza gari miaka thelathini baadaye huhangaika na raba yenye ukubwa wa kifungo cha shati.

> Mtu fulani aliikosa silinda ya kulia, akapanua tundu la bamba kwa tupa, akafunga nyingine. Iliingia vizuri kabisa.

Asilimia 19

Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyomgeuza mjomba barabarani.

Ukikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta ya breki, na shinikizo linalofika kila gurudumu la nyuma ni lilelile. Nguvu inayosukuma breki shu hutegemea eneo la pistoni ambalo shinikizo hilo linalikuta. Tofauti ya milimita 19.05 na 17.46 ni ndogo kuliko unene wa sarafu, ila eneo huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Ukipiga hesabu utapata kwamba silinda ya kulia ilikuwa ikisukuma kwa nguvu zaidi ya mwenzake kwa asilimia 19. Kwenye lami kavu mjomba alihisi usukani ukivuta kidogo upande mmoja, akadhani ni upepo wa tairi. Kwenye lami iliyolowa, gurudumu la kulia la nyuma lilijifunga peke yake, na gurudumu lililojifunga halishikilii tena barabara upande wowote.

Nimewasikia watu wengi, baadhi yao madereva wa miaka mingi, wakiamini kwamba breki ikikaza zaidi ni bora zaidi. Kwa magurudumu ya nyuma imani hiyo ni hatari. Yakijifunga ya mbele kwanza, gari huendelea kwenda mbele na dereva bado anaweza kulegeza mguu. Yakijifunga ya nyuma kwanza, mkia unataka kuupita uso. Ndiyo maana kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 13-H, inayohusu breki za magari madogo, imewekwa ili magurudumu ya mbele yafikie kikomo chake kabla ya yale ya nyuma.

Bagi ina shida ya ziada. Beetle ya kawaida ina takriban sentimita 240 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukikata sentimita 36 zinabaki 204. Gari linapofunga breki, uzito huhamia mbele, na katika gari fupi uzito huo huhama zaidi: kwa kipimo hiki, takriban asilimia 18 zaidi, urefu wa kitovu cha uzito ukibaki uleule. Kwa hiyo nyuma ya bagi hupungukiwa uzito wakati ule ule inapouhitaji ili tairi ishike. Aliyeongeza ukubwa wa silinda aliongeza nguvu mahali ambapo gari lilikuwa limepunguziwa uwezo wa kuipokea.

Fundi wa Ukunda hakuyaeleza kwa asilimia. Alimuuliza mjomba kama amewahi kumbeba mtoto mgongoni huku akishuka ngazi mbio. Mjomba akaitikia kwa kichwa akisema amemwelewa.

Chumvi, mchanga na unyevu

Breki za Kusini mwa Pwani huzeeka kwa namna yake. Nairobi dramu huliwa na foleni. Hapa huliwa na bahari.

Mchanga wa Diani ni laini kama unga, na dramu haijafungwa kabisa. Hupita kwenye mwanya wa nyuma ya bamba, ukajichimbia ndani ya lainingi, ukawa msasa. Dramu niliyoiona ilikuwa na mifereji ambayo ukucha uliweza kufuata. Chumvi nayo hushambulia waya wa handbreki ndani ya ganda lake, mahali pasipoonekana, hadi siku unapovuta na mkono unakuja mtupu.

Magari mengi ya aina hii hukaa kimya wakati wa kusi, msimu wageni wanapopungua. Mwenye gari huliacha limevutwa handbreki chini ya makuti miezi mitatu. Akirudi, lainingi imeshikana na dramu kwa kutu, na anapolazimisha kuondoka, kipande cha lainingi hubanduka. Fundi anashauri gari la kukaa muda mrefu liachwe kwenye gia, liwekewe mawe mbele na nyuma ya magurudumu, na handbreki ilegezwe.

Unyevu ndio adui asiyeonekana. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kopo lililofunguliwa na kufunikwa kwa kipande cha nailoni kwenye rafu ya duka la Ukunda linakunywa hewa ya bahari usiku na mchana.

Sasa chukua gari hilo uteremke kutoka mji wa Kwale kwenda Kombani. Kwa kila mita 100 gari linazoshuka, bagi ya kilo 700 pamoja na abiria hutoa joto la kutosha kuchemsha lita mbili za maji. Joto hilo lisipopunguzwa kwa gia, lote huingia kwenye dramu. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni. Dereva aliyewahi kukutwa na hilo hasahau sauti ya mguu wake ukigonga bati.

Na Volkswagen za zamani zaidi zina mfumo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Raba moja ya nyuma ikivuja, breki zote zimekwenda.

Spea inatoka wapi?

Njia ya kwanza ni spea mpya, nayo ipo. Beetle ilitengenezwa kwa miaka mingi na kwa wingi kiasi kwamba viwanda havijaacha kuihudumia. Ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, ikiwa ya 21,529,464. Brazil ilitengeneza hadi 1986, ikarudia kuanzia 1993 hadi 1996. Afrika Kusini, kiwanda cha Uitenhage kiliunganisha hadi 1979. Silinda, raba, dramu na breki shu mpya bado zinatengenezwa na kuuzwa nje.

Tatizo ni kujua uagize ipi. Mwenye Probox humtajia mwenye duka mwaka na modeli, spea ikashushwa. Mwenye bagi ana kitabu cha usajili kinachosema jambo moja, chasi inayosema jingine, na ekseli iliyotolewa kwenye gari la tatu. Mjomba alikuwa na hakika kwamba gari lake ni la 1965. Fundi alihesabu bolti za gurudumu: nne. Kwa Beetle, bolti tano kwa kawaida ni za hadi 1967, na nne ni za kuanzia 1968. Ekseli za nyuma za vipindi hivyo hazilingani, na dramu za kipindi kimoja hazikai kwenye ekseli za kingine. Kama mjomba angeagiza kwa kufuata kitabu, angelipa meli, ushuru, VAT ya asilimia 16 na ada za forodha, kisha angepokea chuma kizuri cha kupambia sebule.

Njia ya pili ni mtumba. Sharjah kuna mitaa mizima ya magari yaliyokatwakatwa, na Waswahili wenye ndugu Ghuba huagiza huko kama wengine wanavyoagiza manukato. Dar es Salaam kuna Gerezani na Kariakoo, Nairobi kuna Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado huiita Grogan. Lakini huko kumejaa Toyota na Nissan. Volkswagen ya injini nyuma hupatikana kwa kuulizia, simu kwa simu, mpaka mtu amkumbuke mtu mwenye gofu la gari nyuma ya nyumba. Dramu ya kushoto ya mjomba ilipatikana hivyo, kwenye gari lililoota mkunazi katikati.

Ya tatu ni kubadilisha kabisa, yaani kutumia breki za gari jingine. Inawezekana, na wapo wanaoifanya kwa ustadi mkubwa. Anayeichagua njia hiyo amejipa kazi ya mhandisi wa kiwanda: kupima pistoni za mbele, za nyuma, masta silinda, kipenyo cha dramu na cha tairi, kisha kuhakikisha vyote vinaelewana. Aliyemfungia mjomba silinda ya kulia aliichukua njia hii bila kujua kwamba ameichukua.

> Kitabu kilisema jambo moja, chasi ikasema jingine. Fundi alihesabu bolti.

Kufufua ya zamani

Njia ya nne ndiyo iliyonifanya nikae gereji siku nne badala ya moja. Ni kufufua kilichopo.

Jambo la kwanza fundi alilofanya lilinifurahisha kuliko yote. Spanaboi alikuwa ameshachukua mpira wa hewa ili apulize vumbi ndani ya dramu, kama inavyofanywa karibu kila gereji. Fundi alimzuia, akamtuma maji ya sabuni na brashi. Lainingi za miaka mingi zilitengenezwa kwa asbesto, na nyuzi zake zikivutwa kifuani huleta kovu la mapafu na saratani ambayo hujitokeza miongo kadhaa baadaye. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asbesto mwaka 2005 na Afrika Kusini 2008, lakini gofu la 1970 halisomi sheria. Ukilowesha vumbi haliruki. Ni ndoo moja ya maji, na kijana wa miaka 19 anabakiwa na mapafu yake.

Tope la kulia lilichunguzwa kwa kunusa. Mafuta ya breki ni mepesi na yakigusa rangi huibabua. Haya yalikuwa mazito, yenye harufu ya kiberiti: mafuta ya giaboksi, yaliyopita kwenye oili sili iliyochoka. Mtu angebadilisha silinda mara tano na breki ingeendelea kulowa.

Silinda ya kushoto, ile sahihi, ilisuguliwa ndani kwa jiwe la kuzungusha mpaka ikang'aa. Upande wa chini, pale maji hulala, kulikuwa na vishimo vidogo vya kutu. Fundi alipitisha kidole, akaiweka pembeni. Raba mpya haiwezi kuziba kishimo. Kuna mafundi wa mashine ya kukerezea wanaopanua silinda kama hiyo na kuivisha bushi ya stenlesi yenye kipenyo kilekile cha awali, na kazi hiyo ikifanywa kwa vipimo hudumu kuliko chuma cha kwanza. Mjomba alichagua kuagiza jozi mpya, kwa kuwa hakuwa na ya kulia hata hivyo. Zilipofika zilipimwa tena kwa venia kabla ya kufungwa, zote mbili: 17.46 na 17.46.

Raba na pistoni zilioshwa kwa mafuta ya breki yenyewe. Mafuta ya taa na petroli, ambayo ndiyo sabuni ya gereji nyingi, huvimbisha raba. Inavimba polepole, gari likiwa limeshatoka na fundi ameshalipwa.

Dramu zilikwenda kukerezwa Mombasa. Ya Beetle ina kipenyo cha takriban milimita 230, na ukiipanua zaidi ya takriban milimita moja na nusu inakuwa nyembamba, inapata joto haraka na inaweza kupasuka. Ya kushoto, ile ya chini ya mkunazi, ilisafishika. Ya kulia ilikuwa imekerezwa sana zamani, ikakataliwa, na msako ukaanza upya kwa wiki mbili.

Kwenye lainingi nilipata somo la mikono. Breki shu za zamani zilivuliwa lainingi, zikasuguliwa hadi chuma, zikapigiliwa lainingi mpya kwa ribiti laini zisizochubua dramu. Fundi alianza kupigilia ribiti za katikati, akaenda nje pande zote mbili. Anayeanzia mwisho huacha tumbo katikati, lainingi ikapumua juu ya chuma, ikapasuka kwa joto. Alipomaliza alichonga kingo za ncha mbili kidogo ili zisilie.

Kisha nati ile ya 36. Kiwanda kinataka ikazwe kwa takriban newtonimita 340, na spana ya kupima mkazo mkubwa hivyo ni nadra Kwale. Fundi alipima nusu mita kwenye bomba kuanzia katikati ya nati, akaweka alama ya chaki, akamsimamisha hapo spanaboi mwenye kilo 70. Piga hesabu mwenyewe: kilo 70 kwa nusu mita ni newtonimita 343. Nati ikilegea, meno ya dramu hulika na gurudumu huacha kufuata ekseli, breki ikiwa nzima au mbovu.

Nani aamue?

Wapo wanaosema kazi kama hii ipigwe marufuku. Hoja yao si ya kupuuzwa: breki si kiti cha gari, na mwenye bagi iliyogeuka angeweza kumgonga mtoto wa mtu. Kwa mtazamo wao, spea iwe mpya, iwe na chapa, iwe imepita mikononi mwa Shirika la Viwango, KEBS, ambalo tangu 2005 hutaka bidhaa nyingi zikaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Sheria iko upande wao kwa kiasi. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na vifaa vyake vyote viwe wakati wote katika hali isiyohatarisha watu.

Mafundi nao hujibu kwamba upya si ubora. Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008 kwa sababu bandia zilikuwa zimejaa, na pakiti yenye chapa nzuri inaweza kubeba lainingi inayomeng'enyuka kama mkate mkavu. Wauza mitumba husimama katikati: bora ya zamani ya kiwandani kuliko mpya ya uongo.

Mimi, baada ya siku zile chini ya mwarobaini, naona pande zote zinabishania kilikotoka kifaa, na hakuna anayeuliza kimepimwa na nani. Silinda ya kulia ya mjomba ilikuwa nzuri. Ingekuwa mpya na halisi ingemgeuza vilevile. Na silinda iliyovishwa bushi na mtu wa mashine ingemsimamisha salama.

Kinachokosekana Kwale ni kipimo. Mashine ya rola, ambayo gari hupandishwa ikasoma nguvu ya breki ya kila gurudumu, ingeonyesha tofauti ya kushoto na kulia kwa dakika chache. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Naisihi Kaunti ya Kwale iweke mashine moja katika chuo kimoja, fundi yeyote alete gari aliloligusa, alipe kidogo, apewe karatasi yenye namba. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, tayari huwapima mafundi waliojifunza kazi gereji na kuwapa vyeti vya daraja. Fundi wetu hana cheti hicho. Ana venia, chaki, na daftari ambalo huandika kipimo cha kila silinda aliyofunga. Mtu wa namna hiyo anastahili kupimwa, naye analitaka hilo.

> Silinda ya kulia ilikuwa nzuri. Ingekuwa mpya na halisi ingemgeuza vilevile.

Feri

Kuna kazi moja ya breki za nyuma ambayo watu wa upande huu wa kivuko cha Likoni hawahitaji kuelezwa. Handbreki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Tarehe 29 Septemba 2019 gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka feri ya MV Harambee pale Likoni, likazama na mama na binti yake. Liliopolewa tarehe 11 Oktoba. Sisemi breki za gari lile zilikuwa na kasoro. Nasema tu kwamba sijapanda feri tangu hapo bila kutazama mkono wa handbreki wa gari lililo mbele yangu.

Jioni ya mwisho tuliijaribu bagi kwenye barabara ya vumbi isiyo na watu. Fundi alitoa upepo kwenye mabomba kuanzia gurudumu la mbali, akajaza DOT 4 kutoka kopo alilolifungua mbele yetu. Mjomba alikwenda, akakanyaga, akarudi. Alama za tairi za mbele zilianza kwanza, kisha za nyuma, fupi, kushoto na kulia zikilingana. Fundi alizipima kwa hatua, akaandika kwenye daftari. Mjomba alimlipa, akamshika bega, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Siku ya Jumamosi alinipeleka Mombasa. Pale Likoni tuliteremka mteremko wa kuingia feri kwa gia ya kwanza, tukapangwa nyuma ya lori la machungwa, na mhudumu akatuonyesha kwa mkono tuzime injini. Mjomba alivuta handbreki. Tek, tek, tek, tek. Feri ilipoanza kuondoka, sakafu iliinama kidogo upande wetu. Aliutoa mguu kwenye pedali taratibu, akaukunja chini ya kiti.

Bagi haikusogea.